Kutoka Studio ya Mtaani hadi Benki za Picha Mtandaoni: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Nyanda za Juu Kusini

Ingia kwenye benki yoyote kubwa ya picha mtandaoni, yaani tovuti inayouza picha za wapiga picha wengi, andika Tanzania, halafu uangalie kinachokuja. Simba. Twiga. Kilimanjaro kwa mbali na tembo mbele yake. Vijana wa Kimasai wakiruka. Fukwe za Zanzibar na jahazi jioni. Sasa tafuta mama anayechambua parachichi Njombe, pareto ikianikwa juani, foleni ya malori Tunduma, au fundi anayeranda mbao Mafinga. Hapo kurasa zinakwisha haraka.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ya kazi na studio ndogo Mwanjelwa, Tukuyu, Makambako au Iringa mjini, ambaye hela yake inatoka kwenye harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, na ameshaona simu za wageni waalikwa zikimla taratibu. Nitasema mapema ninachokiamini: kwenye soko la picha mtandaoni mnunuzi hanunui uzuri. Ananunua picha itakayomfanyia kazi fulani kwenye tovuti, kitabu au bango, na ananunua uhakika kwamba hakuna atakayemshtaki kwa kuitumia. Wewe wa Mbeya unamshinda mtalii mwenye lenzi ya mamilioni kwa mambo mawili tu: unafika kazini kwa watu, na unaweza kurudi kesho na fomu.

Biashara ilivyogeuka

Zamani wakala wa picha alikuwa mtu mwenye makabati ya slaidi. Mpiga picha alituma filamu kwa posta, wakala akachapa katalogi, mteja akapiga simu, na bei ikapangwa kulingana na picha itatumika wapi, kwa ukubwa gani na kwa muda gani. Picha moja ya tangazo iliweza kuleta mamia ya dola. Bill Gates alianzisha mwaka 1989 kampuni iliyokuja kuitwa Corbis, Mark Getty na Jonathan Klein wakaanzisha Getty mwaka 1995, na kampuni hizo zikaanza kununua mawakala wadogo na kuhamishia makabati yao kwenye kompyuta.

Pigo lenyewe lilitoka Calgary, Kanada. Mwaka 2000 Bruce Livingstone alifungua iStockphoto, mahali ambapo wapiga picha walibadilishana picha bure, kisha zikaanza kuuzwa kwa bei ya senti. Mwaka 2003 Jon Oringer akafungua Shutterstock jijini New York kwa picha kama 30,000 alizozipiga mwenyewe, akauza kwa usajili: mteja analipa ada ya mwezi, anapakua anachotaka. Mwaka 2006 Getty ikainunua iStockphoto kwa dola milioni 50. Adobe ikainunua Fotolia na mwaka 2015 ikazindua Adobe Stock, ili mbunifu anunue picha bila kutoka kwenye programu anayofanyia kazi. Januari 2025 Getty na Shutterstock zikatangaza mpango wa kuungana.

Kwako haya yana maana moja. Bei ya picha imeshuka vibaya, lakini mlango umefunguka. Wakala wa zamani wa London asingepokea bahasha ya mtu wa Tukuyu asiyemjua. Leo kujiandikisha ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya kwanza: elewa unachouza

Huuzi picha. Picha inabaki yako, na hakimiliki yako inakuwepo tangu unapoipiga, bila kusajili popote. Ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyosema, ile inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini. Unachouza ni leseni.

Leseni ya kawaida humruhusu mnunuzi alipe mara moja kisha aitumie picha mara nyingi, ndani ya masharti ya benki. Watu elfu wanaweza kununua picha hiyohiyo. Leseni ya uhariri ni ya habari, vitabu vya kiada, majarida na makala, hairuhusu tangazo. Kuna na leseni ya matumizi maalumu, ile ya zamani ya kupanga bei kwa ukubwa na muda; Getty iliachana nayo kwa picha za ubunifu mwaka 2020, ila Alamy ya Uingereza bado inaitoa.

Kwa nini ulijue hili kabla ya kushika kamera? Kwa sababu ndilo linaloamua kama utahitaji sahihi ya mtu aliyemo pichani. Soko la Mwanjelwa lenye watu mia na mabango kumi ni picha ya uhariri, hakuna namna nyingine. Mama mmoja aliyeshika kikapu cha ndizi, amevaa gauni lisilo na nembo na amesaini, ni picha ya biashara, yaani inayoweza kutumika hata kwenye tangazo, na picha ya biashara ina wanunuzi wengi zaidi.

Hatua ya pili: chagua benki chache

Usijiandikishe kila mahali. Chukua mbili, uzizoee, kisha uongeze.

Adobe Stock ningeiweka mbele kwa anayeanza. Inampa mpiga picha asilimia 33 ya mauzo ya picha na 35 ya video, na haikulazimishi kuuza kwake pekee. Shutterstock ina wateja wengi, lakini tangu Juni 2020 inalipa kwa madaraja, kuanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya upakuaji wako, na kila tarehe 1 Januari wote wanarudishwa daraja la chini. Malipo madogo kabisa ni senti 10 za dola kwa upakuaji. Wapo waliokasirika wakaondoa picha zao zote, na siwalaumu. Alamy inauza picha chache kwa bei nzuri kidogo, na inapenda vitu vya mahali maalumu: stendi ya mabasi, kituo cha TAZARA, ibada, kilimo. Picha za uhariri za Nyanda za Juu zinakaa vizuri huko. Kumbuka tu kwamba wakaguzi wao wakikuta picha moja mbovu kwenye fungu, wanalirudisha fungu zima.

Ukiahidi kuuza benki moja pekee utapata asilimia kubwa zaidi sehemu nyingine, kama iStock. Mwaka wa kwanza usiahidi. Hujui bado picha zako zinapendwa wapi.

Hatua ya tatu: piga kazi, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Machweo ya Ziwa Nyasa pale Matema ni mazuri kweli. Yapige kwa ajili yako. Benki zina machweo ya kila ziwa duniani na mnunuzi hajali kama hili ni la Kyela au la Geneva. Anachotafuta mhariri wa kitabu cha jiografia, shirika linaloandika ripoti ya kilimo, au kampuni inayotengeneza tovuti ya benki ya vijijini, ni binadamu akifanya jambo linaloeleweka kwa kutazama mara moja.

Chukua parachichi. Njombe, Rungwe na Mufindi zimejaa mashamba, na tunda hilo linavuka bahari. Usipige tunda moja mtini ukaondoka. Anza kitaluni: mikono ikibebesha mche, kisu, plastiki ya kufungia. Nenda kwenye mti wenye maua, kisha wenye matunda. Siku ya mavuno piga mchumaji juu ya ngazi, kikapu kikishushwa, matunda yakichaguliwa kwa ukubwa, kreti zikipangwa, gari likipakiwa. Malizia mezani: parachichi limekatwa katikati, kokwa ikionekana, kwenye ubao mweupe karibu na dirisha. Hapo umetoa mfululizo ambao mteja mmoja anaweza kununua picha tano kwa mpigo, kwa sababu ripoti yake ina kurasa nyingi na anataka zifanane rangi.

Fanya hivyohivyo kwa chai ya Rungwe na Mufindi, kakao ya Kyela, mpunga wa Kyela na Usangu, kahawa ya Mbozi, viazi vya Uyole na Njombe, mbao za Sao Hill. Pareto naipigia debe kwa makusudi: Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, ua lake linatoa dawa ya wadudu inayotafutwa na kampuni za kilimo hai, na linalimwa kwenye baridi yetu hii. Hata ulanzi una picha zake: mianzi iliyokatwa ncha, mbeta ikiwa imetegeshwa, mgemaji asubuhi kwenye umande.

Mjini nako kuna kazi. Fundi simu, kinyozi, mama lishe akipakua wali maharage, dereva wa bajaji akipokea malipo kwa simu, muuguzi, mwanafunzi akisoma kwa taa ya sola, mzee akijifunza simu janja kwa mjukuu wake. Usipige umaskini. Picha za mtoto mwenye kamasi zimejaa tayari, na wanunuzi wengi wa sasa wanatafuta Mwafrika anayefanya kazi yake kwa heshima, ofisini, dukani, shambani mwake mwenyewe. Mhasibu wa Iringa na kompyuta yake ni picha adimu kuliko mnavyodhani.

Kwa mimea na wanyama, jina la kisayansi ndilo linalouza. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina okidi za aina nyingi, na maua yanachanua wakati wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ua lisilo na jina sahihi halinunuliwi na mchapishaji wa kitabu. Muulize mhifadhi, andika jina kwenye daftari papo hapo. Ukibahatika kumpata kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, una picha ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuipiga kwa kubahatisha.

Ukumbuke vibali. Upigaji wa kibiashara ndani ya hifadhi za taifa, Ruaha na Kitulo zikiwemo, una kibali na ada yake. Ulizia TANAPA kabla hujapanda gari. Droni ina taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hiyo si ya kufanyia mzaha. Kijungu, karibu na Daraja la Mungu kule Kiwira, kiko kwenye eneo la Magereza, kwa hiyo zungumza na askari kwanza. Kituo cha reli, mpaka wa Tunduma, uwanja wa ndege wa Songwe: omba ruhusa kwa mkuu wa mahali, kwa maandishi ukiweza.

Hatua ya nne: ridhaa

Kila mtu anayetambulika kwenye picha ya biashara lazima asaini fomu ya ridhaa. Anayetambulika siyo mwenye uso peke yake. Kovu, chale, hata umbo la mtu anayejulikana mtaani vinaweza kumtambulisha. Mtoto chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi au mlezi. Fomu zinapatikana bure kwenye tovuti za benki zenyewe. Chapa ile ya Kiingereza ambayo wakaguzi wanaijua, kisha uandae tafsiri yako ya Kiswahili kwenye karatasi ya pili umsomee mtu kabla hajashika kalamu. Inataka jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani, tarehe ya kupigwa picha, sahihi yake, yako na mara nyingi ya shahidi.

Namna ya kuomba ndiyo inayowashinda wengi. Wanajificha nyuma ya lenzi ndefu, kisha wanakimbilia na karatasi. Anza na salamu ya mahali: Tukuyu ni ugonile, Iringa na Njombe ni kamwene, na shikamoo kwa mkubwa haijawahi kukosea popote. Halafu useme ukweli wote, kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Mimi ni mpiga picha, studio yangu iko Mbeya mjini pale Kabwe. Naomba nikupige ukiwa unachuma chai. Picha nitaziweka mtandaoni, na kampuni yoyote duniani inaweza kuinunua ikaiweka kwenye tangazo, kitabu au kalenda. Mimi mwenyewe sitajua ni nani. Wewe nitakupa posho leo na picha yako ya kusafisha nikuletee wiki ijayo, lakini kila ikiuzwa hakuna hela nyingine. Ukikubali utasaini hapa. Ukikataa, mama yangu, tunaendelea na mazungumzo tu."

Mwambie pia kwamba sura yake inaweza kutokea kwenye makala kuhusu jambo ambalo silo lake, ugonjwa kwa mfano. Wapo watakaokataa hapo hapo. Waache. Aliyekubali akijua hatakuja studio miaka miwili baadaye na mjumbe wa mtaa.

Ile picha ya kusafisha uliyoahidi, ipeleke kweli. Una printa, na mtaa una masikio. Ukitimiza mara moja, mara ya pili watu wa kijiji kile watakuita wenyewe siku ya mavuno.

Picha za wateja wa harusi ziko mbali na biashara hii. Bibi harusi alikulipa umpigie kumbukumbu, hakukupa sura yake uiuze. Ukitaka baadhi, weka kipengele cha hiari kwenye mkataba mpya, na usaini fomu kamili kwa kila anayeonekana. Picha za paspoti usiziguse kabisa. Tena, fomu zenye majina na tarehe za kuzaliwa ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Zifungie kabatini, na nakala za kwenye kompyuta ziwekee nywila.

Hatua ya tano: ondoa nembo kabla hujabonyeza

Mbeya ni vigumu kupata ukuta ambao haujapakwa rangi ya kampuni ya simu. Mwavuli wa wakala, aproni ya mama lishe, kiti cha plastiki cha soda, jezi ya Simba au Yanga, jina la lori, kofia ya chama: vyote ni alama za biashara au za watu wengine, na picha ya biashara itarudishwa kwa sababu ya kimoja tu. Kufuta kwenye kompyuta kunawezekana lakini kunakula usiku mzima. Rahisi ni kubeba kwenye begi mashati mawili matatu ya rangi moja, vitambaa visivyo na maandishi na kitenge cha kawaida, na kumsogeza mtu hatua mbili hadi ukuta wa matofali. Kanga iliyojaa fremu nzima nayo huleta maswali, maana mchoro wake una mwenyewe. Ikiwa vazi la mtu aliye mbali kidogo, kwa kawaida hupita. Namba za magari zifute.

Ukishindwa kuondoa nembo, usitupe picha. Ipeleke upande wa uhariri, bila kuigusa kwa kuongeza wala kupunguza kitu.

Hatua ya sita: kamera na uhariri

Hapa sitakaa. Kamera yoyote ya megapikseli 12 kwenda juu inatosha. Benki nyingi zinaanzia megapikseli 4, Alamy inataka kama 6. Piga faili ghafi (RAW), ISO chini kadiri inavyowezekana, fokasi kwenye jicho au kwenye mikono inayofanya kazi. Jua letu la saa sita mchana linatengeneza vivuli vyeusi chini ya paji la uso, na kwa ngozi yetu hilo ni kosa baya zaidi ya yote. Piga kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, au uhamishe mtu kwenye kivuli cha upenu. Juni na Julai kuna baridi lakini anga ni safi. Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba unafifisha milima, ukitaka mlima Loleza uonekane vizuri subiri mvua ya kwanza ioshe hewa. Ukungu wa Mufindi usiuogope, mashamba ya chai ndani yake yanauza.

Acha nafasi tupu upande mmoja wa picha, kwa sababu mbunifu ataandika maneno hapo. Piga ya kulala na ya kusimama. Nyumbani, fungua kwenye darktable au RawTherapee, ambazo ni bure, tazama kwa ukubwa wa asilimia 100 ukitafuta chenga, vumbi la sensa na fokasi iliyopotea, rekebisha mwanga, usiongeze rangi hadi majani yawe ya plastiki. Hifadhi JPEG ya ubora wa juu kabisa, rangi za sRGB. Kati ya picha kumi zinazofanana peleka mbili. Wakaguzi hurudisha zinazofanana, na mnunuzi anachoka.

Hatua ya saba: maneno

Picha isiyo na maneno sahihi haipo. Mnunuzi haoni picha zako, anaona matokeo ya alichoandika, na anaandika kwa Kiingereza. Kila picha inahitaji maelezo mafupi na orodha ya maneno ya utafutaji. Adobe inapokea hadi 49 na inayapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo, Shutterstock inataka kuanzia 7 hadi 50.

Kwenye yale kumi weka jibu la maswali ya kawaida: nani, anafanya nini, nini kiko mkononi, wapi. Kwa mchumaji wa parachichi, kwa Kiingereza chake: mkulima, mwanamke, parachichi, mavuno, kuchuma, shamba, Tanzania, Njombe, Afrika, kilimo. Baada ya hapo ndipo uweke dhana: biashara ya nje, kazi, matunda, lishe, ujasiriamali, wanawake vijijini. Zao lenye majina mawili, la Waingereza na la Wamarekani, kama mahindi au biringanya, liandikiwe yote mawili. Majina ya kwetu yasiyo na mbadala, kitenge, ugali, bajaji, yaandike yalivyo, wapo wanaoyatafuta. Usijaze maneno yasiyomo pichani. Neno "familia" kwenye picha ya mtu mmoja linaleta watu wanaopita bila kununua, na mfumo unajifunza kwamba picha yako haitakiwi.

Maelezo ya uhariri yana mtindo wake: mji, nchi, tarehe, kisha kinachotokea. Yaani Mbeya, Tanzania, tarehe 14 Juni 2025, kisha makuli wakishusha magunia ya viazi sokoni Mwanjelwa. Hakuna sifa, hakuna hisia. Andika kijiji halisi. Picha ya Isimila ikiandikwa ni ya Ruaha itakuletea malalamiko ya mhariri, na jina lako litakumbukwa vibaya.

Andika haya ndani ya faili lenyewe kwa kutumia digiKam au programu yoyote inayoandika IPTC, yaani maelezo yanayokaa ndani ya faili la picha. Ukiipakia benki ya kwanza, ya pili na ya tatu, maneno yanaenda nayo. Kwa asiyejiamini Kiingereza, mlipe mwalimu wa sekondari wa jirani apitie mara moja kwa mwezi. Ni hela ndogo kuliko bando.

Hatua ya nane: kupakia

Picha moja ya megapikseli 24 ina kama MB 8 hadi 12. Picha 50 zinakaribia MB 500, na umeme wa kwetu una tabia zake. Pakia usiku kwa bando la usiku, na tumia FTP, njia ya kutuma mafaili mengi kwa pamoja ambayo benki kubwa zinayo: mtandao ukikatika inaendelea na faili lililobaki. Peleka kidogo kidogo kila wiki. Nakala asili ziwe kwenye diski mbili tofauti, moja ikae nje ya studio.

Benki sasa zinauliza kama picha imetengenezwa na akili mnemba. Adobe inapokea za namna hiyo zikiwekwa alama. Getty ilizikataa tangu Septemba 2022. Zako ni za kamera, jibu hivyo, na usichomeke wingu la kutengenezwa ndani ya picha ya uhariri. Akili mnemba imekula sana soko la picha za jumla, mikono ikipeana, kikombe cha kahawa mezani. Haijui stendi kuu ya Mbeya ikoje. Sababu nyingine ya kukaa kwenye vitu vyenye jina na mahali.

Hatua ya tisa: hela

Fanya hesabu bila kujidanganya. Picha ikikuletea senti 25 kwa upakuaji, unahitaji upakuaji 100 kufikia dola 25, kiwango ambacho Adobe na Shutterstock wanaanza kulipa. Mwanzoni hiyo inaweza kuchukua miezi. Mtu anayefunga studio ili aishi kwa benki za picha atalala njaa. Anayepiga mfululizo mmoja mzuri kati ya harusi mbili, mwaka hadi mwaka, anajenga kitu kinacholeta hela bila yeye kuwepo.

Kabla ya kujaza njia ya malipo, hakikisha akaunti inaweza kupokea nchini Tanzania, maana zipo zinazokubali kutuma tu. Wengi hutumia Payoneer kwenda akaunti ya benki. Ulizia benki yako makato ya kupokea dola. Jina kwenye akaunti ya picha, kitambulisho na akaunti ya benki lifanane herufi kwa herufi. Benki za picha za Marekani zitakutaka fomu ya kodi ya W-8BEN. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, mauzo yanayotokea kwa wateja wa Marekani hukatwa asilimia 30. Ya wateja wa nchi nyingine hayakatwi hapo. Usipoijaza, unaweza kukatwa kwenye mauzo yote. Hela ikifika kwetu ni kipato kama kingine, iingize kwenye hesabu za TIN yako.

Hatua ya kumi: uza na hapa nyumbani

Benki za picha zisikufanye umsahau mteja wa karibu. Hoteli, shirika la kilimo, kiwanda cha chai, msafirishaji wa parachichi, mchapaji wa kalenda pale mjini: hawa wanaweza kukulipa kwa picha moja kuliko mwaka mzima wa senti, na kila mmoja ameshazoea kuokota picha mtandaoni bure. Watumie nakala ndogo yenye jina lako juu, kisha ankara, kisha barua ya leseni ya ukurasa mmoja inayosema picha ipi, itumike wapi, kwa muda gani, na kama jina lako litaandikwa pembeni. Faili kubwa litoke baada ya malipo.

Wakati mwingine mteja atataka picha iwe yake peke yake, mfano kwenye pakiti ya chai. Mtoze zaidi, mara kadhaa ya bei ya kawaida, ila kabla hujasaini fungua akaunti zako zote uangalie kama picha hiyo imeshauzwa hata mara moja. Leseni iliyokwishatoka hairudi. Kama imeuzwa, mwambie mteja ukweli, muombe mwezi mmoja, urudi shambani kwa mama yuleyule na fomu mpya, umpigie nyingine ambayo hujaipakia popote.